Jinsi ya kujua kama spika ya laki 5 ni sauti ama ni hadithi

Hii si ya woofa za kawaida, zile za FM na flashi ambazo maduka ya Oginga Odinga Street hapa Kisumu huziwasha mlangoni zikapiga kelele mpaka jioni. Hii ni ya mtu ameweka pesa kando, ama kakake aliye majuu amemwambia achague tu atalipiwa, sasa anataka jozi ya spika za maana, laki 2, laki 5, kuna wengine mpaka bei ya Probox, na kila akisoma karatasi ya kampuni anapata maneno matamu na picha ya mzee wa kizungu ameshika kipande cha mbao. Msimamo wangu nauweka mapema: kama kampuni inadai kitu ambacho hakipimiki na pia hausikii tofauti ukiwa huoni ni spika gani inacheza, hicho kitu usikilipie hata bob.

Tuanze na bei, na ujue hakuna dari. Wilson Audio wa Utah kule Marekani walitoa WAMM Master Chronosonic mwaka 2017 kwa dola 685,000 jozi, hio kwa shilingi ya saa hii ni kama milioni 88. Mtu akikutajia laki 5 kwa hio dunia wewe bado uko mlangoni. Kwa hivyo kuuliza tu kama ni ghali hakutakusaidia, uliza hio pesa imekaa wapi.

Chukua jozi ya dola 2,000 kwa duka la huko. Duka lenyewe linakula sehemu yake, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50, tuseme 40, basi dola 800 imeenda kabla hatujagusa spika. Zinabaki 1,200, na humo kuna mishahara, kodi ya kiwanda, injinia, matangazo, maonyesho ya hoteli, katoni, faida, na kule mwisho kabisa ndio kuna vifaa. Ukipata vifaa vimechukua kama moja kwa tano ya bei ya dukani, hio kampuni haijakuibia, ndio venye hio biashara iko. Ikiwa ni moja kwa ishirini, hapo sasa ndio unalipia hadithi.

Halafu ikuje mpaka Kisumu. Spika ni nzito, nauli si mchezo, kuna ushuru wa forodha, kuna IDF, ile ada ya kutangaza mzigo unaoingia, kuna levi ya reli, alafu VAT ya asilimia 16 ambayo inapigwa juu ya mzigo pamoja na ushuru, si mzigo pekee. Kwa hivyo usimrukie muuzaji ati mbona hii kitu Uingereza ni nusu ya hapa. Tafuta bei ya dukani ya huko, igeuze shilingi, weka nauli na ushuru kwa makadirio, na ukiona ya hapa imepita mara 2 ya kule, uliza kwa heshima hio ingine ni ya nini. Kuna wale watakuambia ni waranti na kuna fundi wao Nairobi atakayeishughulikia, hio ni sababu halali, lakini iandikwe. Na ukiuliza bei ya mwisho akateremsha asilimia 35 bila hata kukuna kichwa, hapo umejua ile bei ya kwanza ilikuwa ya nani.

Sasa ndani ya boksi. Kampuni nyingi za bei ya juu hazitengenezi draiva, yani ile koni yenyewe na sumaku yake, wananunua. Kuna SEAS wa Norway, Scan-Speak wa Denmark, SB Acoustics ambao kiwanda chao kiko Surabaya, Indonesia, na kila draiva iko na namba kwa mgongo. Kuna watu huzifungua na kupiga picha, ama kampuni yenyewe inajisifu ati tumetumia twita, ile draiva ndogo ya sauti za juu, ya Scan-Speak. Chukua hio namba, itafute, bei yake ya rejareja ni wazi kwa kila mtu. Twita nzuri ya kitambaa unaipata chini ya dola 100, ya berili inaenda mamia ya dola. Jumlisha twita 2, woofa 2, yani draiva kubwa za besi, utashangaa. Nimeona jozi za dola elfu kadhaa ambazo draiva zote pamoja hazifiki dola 400 kwa bei ya mtu wa kawaida, na kampuni inanunua kwa jumla.

Lakini usikimbie kusema wizi. Kununua draiva si aibu. LS3/5A, ile spika ndogo ambayo BBC waliunda miaka ya 1970 ya kutumia kwa magari yao ya kurekodia, draiva zake zilitoka kampuni ya KEF, na mpaka leo watu wanaitafuta kwa pesa nyingi. Kazi kubwa iko kwa krosova, zile koili na kapasita za kugawanya sauti nani acheze nini, na kwa mtu aliyekaa miezi akipima na kurekebisha mpaka twita na woofa zikaongea kama kitu kimoja. Draiva zile zile, krosova mbaya, na sauti inakuwa ya kuumiza meno. Huyo injinia ndiye ningependa kulipa, shida ni kwamba karatasi ya matangazo haimwongelei sana, inaongelea kapasita za fedha na waya wa ndani ulionyooshwa upande mmoja.

Boksi ndiyo inakula pesa kweli, na hapa wengi wanashangaa. Ukikata MDF, ile bodi ya unga wa mbao, ukaipaka venia nzuri, yani ganda jembamba la mbao, iliyolingana pande zote mbili ukaipolishi mpaka ing'ae, hio ni kazi ya mikono na wakati, muulize fundi yeyote wa fanicha pale Kibuye. Kuna wengine kama Magico wa Kalifonia wanatumia alumini, hapo gharama inaruka na uzito pia. Wanakuambia boksi isitetemeke hata kidogo. Sawa. Lakini BBC walienda njia ingine kabisa, plaiwudi nyembamba iliyobandikwa vitu vizito vya kunyonya mtetemo, na hizo spika zinasifiwa mpaka sai kwa sauti ya mtu. Njia mbili zinazopingana na zote zimefanya kazi, kwa hivyo mtu akikuambia yake ndiyo ya pekee mwambie akuonyeshe matokeo. Wewe ukiwa dukani gonga tu ubavu wa boksi na kifundo cha kidole, mlio mfupi mkavu ni mzuri, ukisikia inaimba kama debe jiulize mara 2. Angalia pia fremu ya woofa kama ni bati la kupigwa ama alumini ya kumiminwa, na kama skrubu zimeshika mbao vizuri.

Tukuje kwa namba, manake hapo ndio watu wanapumbazwa na hesabu ambayo iko kwa uwezo wa kila mtu.

Ya kwanza ni frikwensi, yani spika inashuka chini na kupanda juu mpaka wapi. Karatasi inasema hezi 30 (besi ya chini) mpaka kilohezi 40, yani hezi elfu 40, imeishia hapo. Hio haijasema kitu. Lazima iandikwe ni ndani ya desibeli ngapi, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, plasi na mainasi 3 ndio ya kawaida. Spika inaeza kutoa hezi 30 ikiwa imeshuka desibeli 10, yani iko lakini huisikii. Na hio kilohezi 40 ni ya nini? Kuna ile alama ya dhahabu ya Hi-Res Audio, ya chama cha Japan Audio Society, inataka spika ifike kilohezi 40. Sikio la binadamu linaishia kama kilohezi 20 ukiwa kijana, na sisi tuliopita miaka 40 hata 15 ni ya kubahatisha. Ni popo wa Kakamega Forest watafurahia. Mambo ya twita ya almasi ni hivyo hivyo: Bowers & Wilkins wanaitumia tangu 2005, na kweli almasi inasukuma ule mlio mbaya wa twita mpaka karibu kilohezi 70, injinia safi sana, lakini alumini nzuri tayari ilikuwa inausukuma kupita 20. Kwa hivyo unalipia tofauti iliyo nje ya masikio yako. Kama twita hio inasikika poa, inaeza kuwa ni kwa sababu zingine.

Ya pili, sensitiviti, yani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa umeme kiasi fulani. Hapa ndio kuna ujanja mtamu. Wanaandika desibeli 90 kwa volti 2.83 mita 1. Kwa spika ya omu 8, volti 2.83 ni wati 1. Kwa spika ya omu 4 ni wati 2! Kwa hivyo ukiona omu 4 toa 3, hio 90 imekuwa 87. Na angalia impidansi, yani hizo omu, ya chini kabisa, si ile ya kawaida, kuna spika zimeandikwa 8 na kwa besi zinashuka mpaka 3, ampu ya bei rahisi hapo inachemka.

Kwa nini sensitiviti ni muhimu kuliko wati? Kuongeza desibeli 3 unahitaji mara 2 ya wati. Desibeli 10 ni mara 10 ya wati, na sikio linasema ni kama mara 2 tu ya sauti. Sasa weka spika ya 86 kwa sitingi rumu, kaa mita 3, jozi inacheza na kuta zinarudisha sauti, wati 1 inakupa kama desibeli 80 hivi pale kwa kochi. Hio tayari ni sauti ya mtu kuambiwa apunguze. Ngoma ikipiga ghafla inaruka kama 15 juu yake, unahitaji wati 32. Ampu ya wati 50 ya kweli imetosha. Mtu akikuuzia spika ati inashika wati 300, amekuambia tu haitaungua haraka, hajakuambia itasikika.

Na neno wati lenyewe, chunga. PMPO, zile wati za maelfu zinazoandikwa kwa katoni, haina kanuni yoyote, ni namba ya kutungwa. Marekani waliweka sheria ya namna ya kutangaza wati za ampu za nyumbani tangu 1974, wakaikaza tena 2024, lakini hio haikufuati mpaka Kondele. Kwa spika iliyo na ampu ndani geuza mgongo usome stika ya stima: kama inavuta wati 60 kwa ukuta, haiwezi kutoa 1,000 mfululizo hata iombewe.

Ya tatu si namba moja ni sheria ya asili. J. Anton Hofmann, mmoja wa walioanzisha kampuni ya spika ya KLH mwaka 1957, ndiye jina lake limebaki kwa hii: boksi ndogo, besi ya chini, sensitiviti kubwa, chagua 2. Ukishuka oktavu moja, yani nusu ya hezi, na unataka sauti ile ile, koni lazima isogee mara 4. Kwa hivyo kispika cha inchi 5 kinachodai hezi 25, sensitiviti 90, na kinatoshea kwa rafu ya vitabu, hapo huhitaji hata kuenda kusikiliza, hio kauli moja kati ya tatu ni uongo.

Namba ambayo ningependa uitafute kuliko zote ni mchoro. Mtafiti wa sauti Floyd Toole alianza utafiti kwa maabara ya taifa ya Kanada, NRC, akaendelea kampuni ya Harman, na kutoka kwa hio kazi kukaja kipimo kinaitwa CTA-2034, wanapima spika pande 70 kuizunguka, mbele, pembeni, juu, chini, nyuma. Ukiangalia, laini ya mbele iwe karibu na nyoofu, na zile za pembeni zishuke polepole bila milima na mabonde. Basi. Manake kwa nyumba zetu sauti nyingi inayokufikia imegonga ukuta kwanza, kama pembeni ni mbaya sauti yote ni mbaya. Genelec wa Finland ni wa spika za studio na wanaweka vipimo vyao wazi. Jarida la Stereophile la Marekani huweka michoro mwisho wa makala, ruka sifa zote za mwandishi uende hapo, kwa sababu majarida yanaazimwa spika na kampuni hizo hizo zinazoyalipa matangazo. Kampuni inayotoza milioni na haina mchoro hata mmoja, mimi huiacha hapo hapo.

Kuna madai ya maneno ambayo nitayapita haraka. Ati spika ichezwe masaa 500 ndio ifunguke: mpira wa koni unalegea kidogo masaa ya kwanza, kweli, lakini masaa 500 kazi yake ni siku za kurudisha ziishe ukiwa umezoea. Ati inatumika studio: Yamaha NS-10 ya 1978 ilijaa studio dunia nzima na sifa yake ni kwamba ilikuwa kali kwa masikio, mafundi waliitumia kuona makosa, si kustarehe nayo. Ati waya wa laki: waya wa stima wa milimita mraba 2.5 ule laini, mita 5, kuenda na kurudi ni kama omu 0.07, mbele ya spika ya omu 8 hio ni vumbi. Uliza hardware.

Sasa kusikiliza. Mwaka 1994 Toole na mtafiti mwenzake Sean Olive walionyesha kwamba watu wakiona spika wanayosikiliza wanaipa alama tofauti na wakifichiwa, hata wale wenye uzoefu. Wewe na mimi si wa kupona hapo. Kwa hivyo ukiingia dukani omba leso nyepesi itundikwe mbele ya hizo spika, muuzaji abadilishe bila kukuambia. Atacheka, mwache acheke. Sauti ya zote ilingane, manake ile iliyo juu hata kwa desibeli 1 sikio haliiti kubwa, linaiita nzuri. Huo ndio mchezo wa zamani kuliko yote. Utasikia, "Boss wangu, sasa skiza hii, si unaona tofauti?" na mkono wake ushapitia kwa noboo ya sauti. Mwambie pole pole, "Kaka, hebu rudisha ile ya kwanza, uiweke ifike kama hii." Shika simu iliyo na programu ya kupima sauti, ichezwe ile kelele ya shhh ya kupimia, simu ikae mahali kichwa chako kitakaa, zilingane karibu iwezekanavyo, ndio muziki uanze.

Usikubali nyimbo zao za mwanamke na gitaa moja taratibu, hizo zinasikika poa hata kwa simu. Beba zako. Benga ni mtihani mkali, gitaa ya solo iko juu kabisa inakimbia na besi nayo iko na shughuli zake, spika mbaya inavichanganya vyote viwe uji. Kwaya yenu kama mliirekodi vizuri, hapo unajua sauti ya kila mtu. Na rekodi ya mtu akiongea tu, mtu unayemjua, mamako ama mzee: BBC pia walipenda kupima spika kwa sauti ya mtu akiongea, manake kwa hio hakuna mahali pa kujificha. Kifua kikizidi ama s zikikata, umepata jibu.

Alafu rumu yako, hii ndio huwa inashinda bei zote. Nyumba nyingi huku ni simiti, taili, dirisha kubwa, na juu mabati ama siling ya bodi. Rumu ya mita 4 iko na mvumo wake karibu na hezi 43, na waya wa chini kabisa wa gitaa la besi ni hezi 41. Kwa hivyo spika ya milioni utaiweka hapo na noti moja ya rumba itavuma mpaka jirani wa Migosi apige simu, na utalaumu spika. Sogeza spika kutoka kwa kona, sogeza kochi isikae ukutani, kapeti nzito, rafu ya vitabu. Pazia inasaidia makali ya juu tu, besi haijui pazia. Fanya hivyo kwanza na spika ulizo nazo. Ukiwa chini ya mabati, na mvua ya Kisumu venye inajua kunyesha jioni, zile sauti ndogo ndogo za ndani wanazokuuzia kwa laki za ziada utazisikia wakati wa kiangazi tu.

Kwa pesa yangu, mtu wa laki 3 namwambia anunue jozi ya wastani iliyopimwa vizuri ya laki moja na nusu, subwufa iliyofungwa vizuri ya kama elfu 70, ampu safi, na ile inabaki iende kwa rumu. Besi ya ohangla haitoki kwa spika nyembamba ya laki 5. Kama anapenda zile zilizo na ampu ndani na programu zake, aulize mapema stima ikirudi kwa nguvu ikachoma bodi nani wa huku ataitengeneza, manake spika ya kawaida isiyo na ampu inaishi miaka 30 na fundi yeyote anaigusa.

Na kama ni mtumba wa ex-UK, hapo ndio bei huwa ya kweli, lakini toa kava uangalie ile pindo ya koni. Kama ni foamu bonyeza kwa kidole taratibu, ikimeguka kama mkate mkavu toa gharama ya kubadilisha kwa bei. Ya mpira hudumu zaidi kwa hili joto letu. Sukuma koni ndani na vidole viwili sawa sawa, ukisikia inakwaruza koili imepinda. Beba multimita, spika ya omu 8 itasoma kama 6 hivi, isiposoma kitu imeungua. Gusa twita nayo peke yake ikiwa unaweza kufikia waya zake, watu wengi huuza spika twita ikiwa imekufa zamani na wao wenyewe hawajui, wamezoea tu sauti ya blanketi.